Ripoti ilipata A, kijiji kikaambulia patupu

Najua nimepotea, na wengine mmeanza kuulizana kantini kama nimedisko. Sijadisko, nipo, ni haya mambo ya rotesheni tu. Niko upasuaji, natoka hosteli alfajiri narudi usiku, naangukia kitandani na viatu. Ila Jumamosi iliyopita nimepigiwa simu ambayo mpaka leo haijaniacha nilale vizuri, nikaona bora niiandike.

Aliyepiga ni mzee mmoja, mwenyekiti wa kitongoji kule tulikopelekwa fildi ya afya ya jamii mwaka jana. Namba yangu anayo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kikundi, yaani mtu wa kuzungukia vibali na kupanga nyumba za kutembelea. Shikamoo mzee, marahaba daktari (kule wanatuita madaktari, na mimi cheo nilikipokea kimya kimya), tukaulizana habari za mvua, za mahindi, za nyumbani. Halafu akasema, kwa upole kabisa:

"Mwanangu, nilikuwa naulizia yale majibu."

Majibu gani tena mzee? Nikajifanya sijaelewa. Nilielewa sana.

Kwa ninyi mnaosoma sheria na biashara, ngoja niwaeleze hii fildi ikoje. Tunapelekwa kijijini wiki kadhaa, tunagawanywa vikundi, tunapita nyumba kwa nyumba na madodoso. Maji mnachota wapi? Mnachemsha? Choo kipo? Naomba nikione. Watoto wanalala kwenye chandarua? Nani ameharisha wiki mbili zilizopita? Jioni tunajumlisha namba, tunachora chati. Mwisho tunaandika ripoti, tunafanya prezentesheni mbele ya walimu, tunapewa maksi, halafu tunarudi hospitali kwenye yale tunayoyaita magonjwa ya kweli.

Kikundi chetu tulifanya kazi nzuri, sitaki kujidharau. Tulizunguka karibu kitongoji kizima. Tulikuta kaya za upande wa bondeni zinachota kwenye kisima kifupi kisicho na mfuniko, na juu yake kwenye mteremko kuna vyoo vya shimo kama sita hivi. Upande wa juu wana pampu ya mkono. Kuharisha kwa watoto kulikuwa bondeni, karibu kila nyumba, na kule juu kwa kubahatisha. Tukachora ramani ya kitongoji kwa penseli za rangi, nyumba zenye wagonjwa tukazitia nyekundu, na ile ramani ukiitazama hata mtoto wa darasa la pili anakuonyesha tatizo liko wapi. Mwalimu aliisifia mbele ya darasa. Ripoti ikapata A.

Ripoti yenyewe ilichapwa nakala mbili. Moja ipo idarani, nyingine kwenye kabati la vitabu ambalo sijawahi kuona mtu analifungua. Kijijini haikwenda hata moja. Zahanati yao, ambayo mganga wake alitupa rejista zake tukakaa nazo siku nzima, haikupata. Ramani ya penseli za rangi ninayo mimi, nyuma ya loka. Na kwenye mkutano wa siku ya mwisho mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nilisimama nikawaambia watu "majibu tutawaletea". Wakapiga makofi. Basi likaja, tukapanda, tukaimba njia nzima.

Ule ulikuwa msimu wa kupanda, jamani. Mzee alipita anawaambia watu wasiende shamba asubuhi wawasubiri madaktari. Kuna mama alituchemshia viazi na chai ya rangi, nyumba ambayo dakika tano kabla nilikuwa nimeandika kwenye dodoso kwamba wanakula mlo mmoja kwa siku.

Sasa hoja yangu ndiyo hii, na najua nitawaudhi baadhi yenu. Tangu siku ya kwanza tulivyoingia hapa tumeambiwa sisi ni viongozi wa afya ya taifa. Kila hotuba, kila mgeni rasmi. Lakini uongozi wenyewe hatufundishwi. Na zile wiki chache ambazo tungeweza kujifunza, tunageuzwa makarani wa kukusanya takwimu. Kwangu mimi, kiongozi ni mtu ambaye wengine wana haki ya kumuuliza umefikia wapi. Mzee alikuwa anatumia haki hiyo. Karatasi yetu ya maksi ilikuwa na sehemu ya utangulizi, ya mbinu, ya majedwali, ya marejeo, hata ya mavazi wakati wa prezentesheni. Mstari wa kuuliza kama wenye kijiji wameambiwa kilichoonekana haukuwepo.

Mtasema hayo ni mambo ya wale watakaosomea afya ya jamii baadaye, sisi wengine ni wa visu na stetoskopu. Haya, mkumbuke tutakwenda wapi. Ukimaliza MD na mwaka wa mazoezi kwa vitendo, ukibahatika kupata ajira, kuna uwezekano mkubwa ukapangiwa halmashauri. Kule daktari hawapo wengi. Haupiti muda mrefu unaambiwa wewe ndiye mganga mfawidhi, au uko kwenye timu ya uendeshaji ya afya ya halmashauri, na mbele yako kuna mpango kabambe wa mwaka mzima unaosubiri useme fedha ziende wapi. Kuna kaka alimaliza hapa miaka kadhaa mbele yangu, aliniambia wiki yake ya kwanza kazini hakuulizwa swali hata moja la moyo wala figo. Aliulizwa mafuta ya pikipiki ya chanjo yakatwe au yasikatwe, kwa sababu paa la wodi ya wazazi linavuja. Hajawahi kuona bajeti maishani mwake. Akajibu kama mtu anayechagua jibu kwenye mtihani, C.

Na uamuzi wa namna hiyo unaua au unaokoa watu wengi kuliko zamu yoyote ya usiku. Hapa nina mfano wa nyumbani kabisa, na nashangaa kwa nini tunausikia kwa dakika tano tu darasani.

Katikati ya miaka ya 1990 Wizara ya Afya ikishirikiana na IDRC, lile shirika la Kanada la utafiti wa maendeleo, walianzisha mradi ulioitwa TEHIP kwenye wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali lilikuwa jepesi. Timu ya afya ya wilaya ikijua kwa hakika watu wake wanakufa kwa sababu gani, na ikapewa fedha kidogo za ziada pamoja na uhuru wa kuzipangia, itafanya nini? Kujua sababu za vifo ilikuwa kazi, maana wengi walifia nyumbani, rejista ya hospitali haiwajui. Kwa hiyo wahojaji walikwenda kwenye nyumba zilizofiwa wakauliza taratibu marehemu alianza kuumwa vipi, alikuwa na homa, alikohoa, alipumuaje. Majibu yakawekwa kwenye michoro rahisi ambayo mganga mkuu wa wilaya anaweza kuitandaza mezani.

Kilichoonekana Morogoro kinauma. Malaria ilikuwa inachukua karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyokuwa ikipotea, wakati bajeti ya mwaka 1996 iliitengea asilimia 5 hivi. Hakuna aliyekaa akapanga kuwaua watu. Bajeti ilikuwa inanakiliwa kutoka ya mwaka uliopita, basi.

Wakahamisha fedha. Zikaenda kwenye vyandarua, kwenye kuwafundisha watumishi wa zahanati kumwangalia mtoto mgonjwa mzima mzima badala ya kutafuta ugonjwa mmoja tu, kwenye usimamizi wa vituo, kwenye mawasiliano. Wananchi wakakarabati zahanati zao kwa nguvu zao. Fedha za ziada walizoweza kutumia hazikufika hata dola 1 kwa mtu kwa mwaka. Na vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka kama mitano. Najua mwalimu wa epidemiolojia akisoma hapa atasema kuna mambo mengine yaliyochangia, na atakuwa sahihi. Lakini hakuna dawa mpya iliyogunduliwa Rufiji. Kilichobadilika ni watu waliokaa kwenye meza moja na kukubali kusoma namba za vijiji vyao wenyewe, halafu wakawa na ujasiri wa kumwambia mtu fulani kwamba fungu lako mwaka huu linapungua.

Nani katika sisi amefundishwa hilo la mwisho? Mimi nimefundishwa mzunguko wa maisha ya plasmodiamu mara tatu, kwa walimu watatu tofauti.

Mwenzangu wa chumba nilimsomea haya jana akanicheka. Yeye ni mtu wa uzazi, anataka ubingwa huo toka mwaka wa pili. Akaniambia hivi: "Mama akija saa nane usiku anavuja damu, utamwitia mkutano wa kijiji?" Nikanyamaza kidogo kwa sababu swali ni zuri. Ni kweli, saa nane usiku nataka daktari mwenye mikono inayojua. Asinielewe mtu vibaya, anayetaka uongozi ili akwepe msuli wa kliniki akatafute kazi nyingine.

Ila huyo mama alifikaje? Ndiyo nikamuuliza na mimi. Kuna huu mfumo wa m-mama, ulioanzia majaribio Sengerema na Shinyanga kabla ya kutangazwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Mtu anapiga 115 bila malipo, na kama gari la wagonjwa liko mbali, anatumwa dereva wa kawaida wa maeneo yale aliyesajiliwa, anamchukua mama na analipwa nauli yake. Ili kitu hicho kifanye kazi, mtu alilazimika kukaa na madereva wakakubaliana bei, kukaa na halmashauri fedha zitoke, kuhakikisha damu ipo na jenereta ina mafuta. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Sisemi ni m-mama peke yake, hata kidogo, mfumo wenyewe ulikuwa bado mchanga. Nasema tu kwamba kushuka kwa namna hiyo hakuletwi na mikono ya daktari mmoja mmoja wodini, hata awe hodari vipi. Mwenzangu akasema "sawa mheshimiwa" akazima taa.

Kuna mtu mwingine nataka mumjue, na huyu alikuwa mwanafunzi wa udaktari kama sisi. Anaitwa Jack Geiger, Mmarekani. Mwaka 1957 akiwa anakaribia kumaliza masomo alikwenda Afrika Kusini miezi kama mitano kujifunza kwa Sidney Kark, daktari ambaye yeye na mke wake Emily walikuwa wamefungua kituo cha afya Pholela, huko Natal, mwaka 1940. Kina Kark walikuwa wanahesabu kaya, wanaangalia watu wanakula nini, wanahimiza bustani za mboga, na tiba wanaitoa hapo hapo. Serikali ya ubaguzi haikukipenda kitu kile na hatimaye ikakiua. Lakini yule mwanafunzi alikuwa ameshaona. Miaka ya 1960 akaanzisha na wenzake vituo vya afya kwao, kimojawapo Mound Bayou, Mississippi, kwenye watu weusi maskini kabisa. Watoto walikuja wamedhoofika kwa njaa, madaktari wakawaandikia chakula kwenye karatasi ya dawa, na bili ikalipwa kutoka bajeti ya duka la dawa. Wakubwa walipolalamika kwamba fedha hizo ni za dawa, akawajibu kwamba kwa jinsi alivyosoma vitabuni, tiba ya utapiamlo ni chakula. Pia wakaanzisha shamba la ushirika.

Geiger hakupewa mhadhara wa sifa kumi za kiongozi bora. Alipewa muda, akakaa karibu na watu wanaoifanya kazi hiyo, akaona inavyofanyika mpaka mwisho. Sisi tunapewa wiki chache na dodoso, na mwisho wenyewe hatuuoni kabisa.

Tena si kwamba nchi hii haijui. Waulizeni wazazi wenu au babu zenu kuhusu Mtu ni Afya, ile kampeni ya redio ya 1973. Watu wazima kama milioni mbili walikaa kwenye vikundi vijijini, wanasikiliza kipindi, wanasoma kijitabu, wanajadili, halafu wanaamua wenyewe kwanza tuchimbe vyoo au kwanza tufyeke mazalia ya mbu. Bibi yangu mpaka leo anaukumbuka wimbo wake. Madaktari nchini walikuwa wa kuhesabu. Na kwenye Marburg ya Kagera mwaka 2023, waliougua walikuwa 9, wakafa 6, mhudumu wa afya akiwemo. Ugonjwa hauna chanjo iliyosajiliwa, ukazimwa kwa kufuatilia waliokutana na wagonjwa na kuzungumza na familia zao kuhusu maziko. Hebu jiulize leo ukipelekwa kumwambia baba mwenye msiba kwamba mwili hataosha, utaanzaje sentensi ya kwanza? Mimi sijui ningeanzaje, na niko mwaka wa nne.

Kwa hiyo nataka nini? Kwanza nisemee nisichotaka. Sitaki kozi mpya inayoitwa Uongozi, slaidi mia na ishirini, mtihani wa kuchagua jibu, na watu wanaoshika sapu ya uongozi. Mungu aepushe.

Nataka kikundi kikipelekwa kijiji fulani mwaka wa pili, kirudi kijiji kile kile mwaka wa tatu na wa nne, hata kwa siku tatu tu. Nataka ripoti isipewe maksi mpaka imesomwa kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji, na nusu ya maksi watoe wenye kijiji. Hapo nawahakikishia tutaacha kuandika sentensi zisizoeleweka. Na nataka angalau mara moja kabla sijamaliza nikalishwe kwenye kona ya chumba halmashauri wanapopanga bajeti ya afya, nisiseme kitu, nisikie tu watu wanavyovutana.

Najua majibu yatakayokuja: nauli, walimu hawatoshi, ratiba imejaa. Yote kweli. Ratiba imejaa kwa sababu tumeijaza sisi, lakini nauli siwezi kuibishia.

Na sisi wanafunzi tusijitoe. Wangapi mlikwenda fildi kula bata? Wangapi mlijaza madodoso mkiwa mmekaa chini ya mwembe, nyumba ya tano mpaka ya nane mkabuni? Mimi sikubuni, ila niliona wenzangu wanabuni nikanyamaza. Halafu hili neno uongozi lenyewe lina sumu yake, daktari akilisikia anafikiri amepewa fimbo ya kuwachungia wauguzi. Kule kwetu aliyejua kila kitu alikuwa mama mmoja mhudumu wa afya ngazi ya jamii, hana hata cheti cha kidato cha nne. Ndiye alituambia siku ya pili tu kwamba tatizo ni kisima cha bondeni. Tulimshukuru, tukaendelea na dodoso wiki nzima ili tulithibitishe, na kwenye ripoti jina lake halimo. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kufundisha wahudumu kama yeye zaidi ya laki moja katika miaka mitano. Hao ndio tutakaofanya nao kazi, na hakuna darasa hata moja tulilokaa nao.

Nimwambie nini mzee? Nilimwambia ukweli, kwamba majibu yapo na tumeyakalia. Akacheka kidogo, akasema "basi yaleteni, kisima bado kipo". Nikamuuliza watoto wanaendeleaje. Akasema mvua zikianza ndiyo itajulikana.

Jioni ile nilikwenda kugonga milango. Wa kikundi chetu tuko tisa, wanne wamekubali kwenda, wawili wanasubiri bumu, waliobaki wako zamu. Mmoja anaiandika ripoti upya kwa Kiswahili, kurasa mbili, nimemkataza kuweka neno "prevalensi". Mganga wa zahanati nimeshaongea naye, na amesema atamtafuta mtu wa RUWASA wilayani aje asikilize, maana kukifunika kile kisima au kukihamisha hatuwezi sisi. Yule mama mhudumu nataka asimame yeye aelezee ramani.

Tunaondoka Ijumaa ijayo na basi la saa kumi na mbili asubuhi. Kama uliwahi kupelekwa kijiji cha jirani na una deni lako kule, nafasi ya kuongozana ipo. Nitafute chumbani baada ya saa mbili usiku, kabla ya hapo niko wodini.